Mbwa Aliyeitwa Wanakataa

Nilipokuwa mtoto mjini Kasongo, mbwa kwangu alikuwa kiumbe wa kupishwa njiani. Upande wa baba yangu ni Waislamu wa mjini, watu wa duka na mkeka wa swala, na shangazi yangu alinifundisha sheria ya mate ya mbwa kabla sijajua kujifunga mtandio: yakikugusa utaosha mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mimi kuoga mara moja tu kulinishinda. Nasema kweli, niliwaogopa mbwa kwa uvivu kuliko kwa dini.

Lakini mama yangu alizaliwa upande wa Wamaza, huko Kabambare, kwa Wakristo wakulima na wawindaji, na shule ikifungwa nilipakiwa kwenye pikipiki, nikabanwa kati ya dereva na gunia la chumvi, nikapelekwa kwa mama yake. Tulimwita Nkambo. Kwetu huwezi kumwita nyanya yako bibi, watu watadhani unamtaja mke wa mtu. Nkambo alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde, na kwake mbwa alikuwa mtu wa nyumbani, mwenye kazi yake na haki yake ya kula.

Mbwa wake wa miaka ile alikuwa dume dogo, jekundu, mkia umejikunja juu ya mgongo. Alikuwa katika wale mbwa wa kuwinda wasiobweka, wanaofungwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue wako wapi porini. Aliitwa Wanakataa.

Hapa lazima nieleze, maana nikiwasimulia wateja wangu wa siku hizi hucheka wakidhani natunga. Upande wa mama yangu, mbwa hapewi jina kwa ajili yake. Jina la mbwa ni salamu ya jirani. Mtu mzima mwenye heshima hasimami njiani kugombana, ni aibu. Anatafuta mtoto wa mbwa, anampa jina la lile neno lililomkaa rohoni, kisha kila jioni anamwita mbwa wake kwa sauti. Jirani anasikia. Na hana la kujibu, kwa sababu hakuna aliyemsemesha. Mtu anaita mbwa wake tu, kosa liko wapi?

Neno lililomkaa Nkambo rohoni lilikuwa la kinu. Babu, mume wake, alikichonga kwa mkono wake mwaka wa ndoa yao, cha mti mgumu, na mwaka aliokufa ndio mwaka Mama Sifa alipokiazima. Mama Sifa alikuwa jirani wa ng'ambo ya ua wa matete, na rafiki wa Nkambo tangu usichana wao. Walilima pamoja, walibebeana watoto. Kinu kikarudi kina ufa toka mdomoni hadi kitakoni. Mama Sifa akasema alikichukua kikiwa hivyo. Nkambo akasema hapana. Mama Sifa akasema ndiyo. Wakaacha kusemezana, na mtoto wa mbwa aliyepatikana msimu ule akaitwa Wanakataa.

Mama Sifa naye hakulala. Alitafuta mbwa wake, jike nene lenye madoadoa, akaliita Mungu Anajua.

Basi ikifika jioni, watu wakitoka mashambani, Nkambo alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akiyakabili matete, akaita, "Wanakataa. Wee Wanakataa, kuja hapa, acha uongo." Mbwa gani husema uongo? Na ng'ambo ya matete ikajibu sauti ya pole, ya kuvutwa kama wimbo wa kanisani, "Mungu Anajuaaa, njoo, mwanangu, tulale." Kijiji kizima kilielewa. Wasioelewa walikuwa mbwa wawili tu, ambao mchana kutwa walikuwa wakipitia tundu chini ya matete kwenda kuchezeana.

Mjomba Pasikali, kaka mdogo wa mama yangu, aliyekaa na mke wake katika nyumba ya pili ya uwanja ule ule, hakuupenda mchezo huo. Alikuwa mwindaji kama baba yake. Alikuwa akimwambia Nkambo neno la Babu, kwamba jina la mbwa lina miguu minne. Unalituma kwa jirani, lakini usiku linarudi kulala kwako. Nkambo alijibu kwamba hata Babu alikuwa na mbwa aliyeitwa Shemeji Anakula Sana, na hakuna aliyekufa.

Vakanse ile ninayoisimulia, yaani likizo ile ya shule, Nkambo alikuwa ameamua mbwa asiingie tena ndani ya nyumba, kwa ajili yangu. Mama alikuwa amenifungia mkeka mdogo wa swala katika mzigo wangu, na Nkambo, aliyevaa rozari shingoni, aliutandika mwenyewe pembeni mwa kitanda, akaupapasa kuondoa vumbi. "Mutoto wa mwanangu anasali humu," aliwaambia watu. "Mbwa atabakia inje." Sijasikia mahubiri ya dini mbili kukaa pamoja yaliyonifaa kuliko hayo.

Nikaona jinsi anavyomfundisha. Alichora mstari wa jivu mlangoni, akaketi nyuma yake na bakuli la bugali baridi. Mbwa akiweka mguu ndani, Nkambo hakupiga kelele wala kushika fimbo. Alisimama, akamrudisha nje kwa goti, akampa mgongo. Bugali hakuna, macho hakuna. Mbwa akilala upande wa nje, kidevu karibu na jivu, tonge lilimfuata pale pale, kabla hajawaza jambo lingine.

"Usimuambie mbwa maneno mingi," alinifundisha. "Mupe neno moja, na kesho lile lile. Ukimubadilishia kila siku, atajifunza kuogopa tu. Hatajifunza sheria."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku ya mvua kubwa, Mjomba alipomwonea huruma akamwita ndani ajipashe moto. Nkambo alimgombeza Mjomba, mbwa hakumgusa. "Umemufundisha sheria ingine," akamwambia. "Sasa atakuwa anangojea mvua." Na ikawa kweli. Kila radi ilipolia, hata jua likiwaka bado, Wanakataa alikuja kuketi mlangoni, akatazama wingu, kisha akamtazama Mjomba. Ilibidi jivu lichorwe upya. Lakini mwisho alijua, na jivu lilipofagiliwa alibaki akisimama pale pale lilipokuwa, akitufuata kwa macho tu.

Nami nikaanza kumpenda. Sikutaka anilambe, udongo wa kuoshea ulikuwa mbali, kwa hiyo nilimkuna mgongo kwa gunzi la mahindi. Ndivyo nilivyomsoma. Nilijua kwamba akipiga mwayo mbele ya watu si usingizi, ni wasiwasi. Nilijua anavyolamba pua yake akiona fimbo, hata kama ni fimbo ya kuni. Nilijua furaha yake inaanzia kiunoni, si mkiani, mwili mzima unapinda mpaka kengele ya mti inagonga.

Na nikaona jambo moja lililonisumbua. Wakati wa chakula Nkambo hakumwita kwa jina. Alimgongea ulimi, tko, tko, tko, na mbwa alikuja anacheza. Lakini akiitwa Wanakataa, alikuja tumbo chini, masikio yamelala, macho pembeni. Kila jioni. Wakati huo huo ng'ambo ya matete, Mungu Anajua alikuja akirukaruka, ingawa jina lake nalo lilikuwa tusi. Nikamuuliza Nkambo kwa nini wake anakuja hivyo.

"Iko na adabu," akanijibu. Akapendezwa hata.

Sasa nifike kwenye mayai. Mke wa Mjomba, Adela, alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wao wa kwanza walikuwa wamemzika bado mchanga, na tangu hapo Mjomba alikuwa mtu wa kuogopa kila kitu kwa niaba ya mkewe: alimchotea maji yeye mwenyewe, jambo lililowachekesha wanaume wenzake, na usiku alitoka kusikiliza kama bundi yuko karibu. Kwetu kulikuwa na imani, na ipo mpaka leo, kwamba nyumba yenye mimba haikai na mbwa aliyeonja yai. Mbwa anayekula kilichomo ndani ya ganda, walisema, atatamani na kilichomo ndani ya tumbo. Mbwa wa namna hiyo hupelekwa porini na harudi.

Kuku wa Nkambo, mwenye madoa meusi na meupe, alikuwa akitaga chini ya paa la jiko, karibu kabisa na pale Wanakataa alipolala. Asubuhi moja kiota kilikuwa kitupu. Kesho yake kitupu. Ikawa hivyo siku baada ya siku, na baadaye kuku mwenyewe hakuonekana. Tuliuliza nyumba zote za jirani, isipokuwa moja. Hakuna aliyesema tusiulize kwa Mama Sifa. Haikuja tu akilini mwa mtu, kama vile nyumba ile ilikuwa imehama. Kisha Mjomba akaokota manyoya mahali pa mbwa pa kulala, akayaleta katika kiganja, akamwonyesha Nkambo. Ukinipa leo manyoya hayo nitakuambia kuku hupukutisha manyoya popote. Wakati ule niliyaona kuwa ushahidi.

Kesi ya mbwa ilisikilizwa mchana, uwanjani, kila mtu akiona. Yai bichi liliwekwa juu ya lungo, ule ungo wa kupepetea. Mbwa huitwa kwa jina lake, na anayemwita ni mwenye mbwa, si mwingine. Akija kichwa juu, akanusa, akaendelea na shughuli zake, yu safi. Akigeuza uso na kuburuza tumbo, ameungama. Na huulizwa mara moja tu. Wazee walisema mbwa akiulizwa mara ya pili ameshapata nafasi ya kutunga uongo.

Mjomba alikuwa amenoa panga asubuhi, na haikuwa siku ya kukata kuni. Adela alikaa mlangoni, mikono juu ya tumbo, hanitazami.

Alianza Mjomba na mbwa wake mwenyewe, aliyeitwa Tembea. Alimwita kama alivyomwita porini, kwa sauti ya chini ya kirafiki. "Tembea, wangu, kuja." Tembea akaja, akanusa yai, akatutazama kwa masikitiko kwamba halikupikwa, akajilaza.

"Mama," Mjomba akasema, "sasa muite wako."

Nkambo akasimama. Sijui kama mwenyewe alijua, lakini aligeuka akayakabili matete, kama alivyosimama kila jioni, na mikono ikaenda kiunoni yenyewe. "Wanakataa," akaita. "Wee Wanakataa, kuja." Sauti ilikuwa ile ile, ilivuka ua ikafika ilikozoea kufika. Ng'ambo, mchi wa Mama Sifa uliokuwa ukitwanga ukanyamaza.

Wanakataa akatoka nyuma ya jiko. Masikio yamelala, mkia umefichwa, tumbo linagusa tope. Alipofika kwenye lungo hakuliangalia hata yai. Aligeuza uso, akalamba pua, akapiga mwayo, kisha akakojoa kidogo pale pale alipolala.

"Amekubali," Mjomba akasema. Hakusema kwa furaha. "Umeona, Mama. Jina lake mwenyewe limemushinda."

Nkambo alimpenda yule mbwa, nami nilijua. Alikuwa akimwachia mfupa wenye nyama akidai meno yake yanauma. Kilichomvunja ni kwamba aliamini. Alimtazama mbwa wake kama unavyomtazama mtoto uliyemtetea kwa watu kumbe kweli ameiba.

Nikaanza kulia. "Nkambo, muite na ulimi," nikamwambia. "Muite vile unamuitaga pa chakula."

"Anaulizwa mara moja," akasema Mjomba, akamfunga kamba kwenye nguzo ya jiko. Alisema jua likipoa watakwenda porini.

Nilikaa pale na gunzi langu. Watu walipotawanyika nikagonga ulimi, tko, tko, tko. Mbwa aliyekuwa ameungama wizi akasimama, akajipinda kwa furaha mpaka kengele ikagonga, akavuta kamba aje kwangu. Nikalisukuma lungo mbele yake na yai lake juu. Akalinusa, akaliruka, akaweka kichwa chake katika magoti yangu. Nikaita, "Mjomba, angalia. Angalia sasa."

Mjomba akatazama. Akatazama sana. "Mutoto," akasema kwa upole, "sasa amejua kudanganya." Nilijifunza siku ile kwamba mtu mzima akishakata kesi, hata furaha ya mshitakiwa ni ushahidi.

Ndipo tuliposikia hodi.

Hodi ile ilikuwa haijasikika katika uwanja wa Nkambo tangu mbwa alipokuwa mtoto. Mama Sifa alisimama penye njia ya watu, si penye tundu la mbwa, mwanamke mfupi mwenye kikapu kichwani, na Mungu Anajua nyuma ya visigino vyake. Nkambo alikaza mdomo. Lakini hodi haiachwi bila jibu, hata ikitoka kwa adui, na neno karibu likamtoka lenyewe.

Mama Sifa akashusha kikapu. Ndani yake kuku wetu mwenye madoa alikuwa amevimba kwa hasira, akidonoa kila mkono, na chini yake mayai yamejaa.

"Kuku yenu iko kwangu," akasema. "Alikuja kutagia nyuma ya mafiga yangu. Sikukula hata moja. Sasa ameatamia. Nilisikia mutoto analia, na nilisikia habari ya yai, na mu nyumba hii iko mimba. Sikuweza kunyamaza."

"Na siku zile zote haukusema," Nkambo akamwambia.

"Niseme na nani? Mimi nikifungua kinywa, wewe unaita mbwa."

Mlangoni Adela akaanza kucheka. Alicheka huku ameshika tumbo, akijaribu kujizuia kwa heshima ya mama mkwe, akashindwa, na mimi nikacheka kwa kuwa nilikuwa nimechoka kulia. Hata Mama Sifa alizuia tabasamu. Aliyebaki na uso mzito ni Mjomba.

"Lakini alikubali," akasema. "Wote tuliona. Mbwa hadanganyi na mwili wake." Ni yeye huyo huyo aliyeniambia sasa hivi kwamba mbwa amejua kudanganya, lakini nilimwachia.

"Anaogopa jina lake," nikasema. "Haiko yai."

"Jina haina meno," Nkambo akasema. Lakini akageuka kwa mbwa. Huyo alikuwa amesimama kwenye kamba yake, kiuno bado kinacheza kwa kumwona rafiki yake Mungu Anajua. Nkambo akapunguza sauti mpaka ikawa ile aliyonisemesha nayo usiku akinifunika shuka. "Wanakataa," akasema.

Mbwa akaanguka chini kama aliyekatwa miguu. Masikio yakalala, uso ukageuka.

Nkambo akaita tena, polepole zaidi, karibu na kunong'ona. Mbwa akafumba macho.

Kile kinu chenye ufa hakikuwa kimetupwa. Kilikuwa pale uwanjani siku zote, kimepinduliwa kitako juu, kikitumika kama kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Nkambo akakikalia. Akaitazama mikono yake.

"Kumbe nilikuwa namupigaga kila jioni," akasema. "Na mukono sikuinua."

Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa. Huyu ndiye aliyemfundisha mbwa mlango kwa jivu na tonge, bila fimbo, kwa neno moja lisilobadilika. Alijua namna mbwa anavyojifunza kuliko mtu yeyote Wamaza. Na neno moja ambalo alimpa kila siku bila kubadilisha, kwa sauti ile ile, saa ile ile, lilikuwa hasira yake na Mama Sifa. Mbwa hakujua habari ya jirani wala ya kinu. Alijua tu kwamba jua likizama, mtu anayempenda kuliko wote anamkasirikia, na akatafuta kosa lake asilione, akaamua kuja amelala. Tuliiita adabu. Siku ya yai tukaiita wizi.

"Baba yako alisema," Nkambo akamwambia Mjomba. "Miguu mine. Imerudi kulala kwangu."

Mjomba akaenda kufungua kamba. Fundo alilofunga mwenyewe likamsumbua. Lakini kumfungua mbwa hakukutosha, maana jina lilikuwa bado juu yake, na jina la mbwa kwetu haliondolewi na aliyelitoa. Anayeliondoa ni yule jirani aliyepigwa nalo. Yeye ndiye anayetoa jina jipya, na chakula kwa mkono wake, la sivyo jina la zamani hufuata nyuma.

Wote tukamtazama Mama Sifa. Yeye alikuwa anakitazama kinu.

"Muite Kinu," akasema.

Nkambo akainua kichwa.

"Nilikipasua mimi," Mama Sifa akasema. "Nilikisahau mu mvua, kikajaa maji, kisha jua kali ikakipiga. Asubuhi nilikuta kimefunguka. Bwana yako alikuwa amekufa juzi juzi, na ile ni kazi ya mukono yake. Dada yangu, ningekuambia namna gani? Nilikuwa na haya. Nikakataa, na nikishakataa, kila jioni unaniita muongo, ningerudi na njia gani?"

Nkambo hakusema amesamehe. Watu wa umri wake hawatangazi mambo hayo. Alijisogeza kwenye kinu, akaacha nafasi kitakoni, nafasi ndogo isiyotosha mtu mzima, na Mama Sifa akaja kukaa nusu hewani. Nkambo akaniambia, "Leta bugali."

Mbwa alikula mkononi mwa Mama Sifa bila wasiwasi. Walijuana zamani kupitia tundu la matete. Kisha akaja kwangu, na kabla sijakumbuka gunzi akanilamba kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Nilimwachia. Nilinawa mara saba, moja kwa udongo, na Nkambo ndiye aliyenimiminia maji, akinihesabia kwa sauti ili nisiibe hata moja. Sikunung'unika.

Kumfundisha jina jipya ilikuwa kazi yangu. Nilifanya kama nilivyoona: ulimi kwanza, kisha Kinu, kisha tonge, kila siku vile vile. Mwanzoni aligeuza kichwa kutafuta kinu chenyewe, au ndivyo nilivyopenda kufikiri. Kabla vakanse haijaisha alikuwa akija kwa jina hilo anacheza, kiuno kimepinda, na wale wanawake wawili waliokuwa wakitwanga mihogo zamu kwa zamu katika kinu kipya walisimamisha mchi wamtazame. Adela alijifungua salama, mtoto wa kike. Mjomba anaapa mpaka leo kwamba ni kwa sababu mbwa alitakaswa. Mimi sibishani naye. Amekuwa mzee, na tangu siku ile hakumwonyesha tena mbwa yai.

Nami sasa ni mtu mzima, nina duka la vitenge Kasongo na uwanja ninaogawana na wifi yangu, dada wa mume wangu. Tunapendana na tunachokozana, kama mawifi. Msimu uliopita tuligombana kwa jambo la kamba ya kuanikia nguo, dogo kuliko kinu, tukanyamaziana. Jioni moja nilisimama uwanjani nikamwita binti yangu. "Salama," nikaita, "wee Salama, acha kushika vitu vya watu." Sauti ilipaa vizuri. Niliisikia ikigonga mlango wa wifi yangu.

Salama akatoka ndani. Hakuwa ameshika kitu cha mtu. Mabega yalikuwa yameshuka, macho chini, na njiani alijifuta mikono kwenye gauni mara mbili, akitafuta uchafu ambao ningeweza kuuona.

Nilimjua aliyesimama mbele yangu. Niliwahi kumkuna mgongo kwa gunzi.

Nikamwambia akae, aningoje. Nikaenda kwa wifi yangu, nikapiga hodi, nikasema palepale mlangoni neno nililokuwa nalo, kwa jina lake yeye, kwa sauti ya kutosha watu wawili. Haikuwa rahisi, wala yeye hakunirahisishia. Tulipomaliza nilirudi, nikasimama karibu na mwanangu.

"Salama," nikamwita.

Hakuja mara moja. Alinitazama usoni kwanza, kuona ninamwita nani.